Kazi ya wakili wa mirathi Nairobi: jinsi ya kuingia na jinsi ya kuifanya

Mtu akifariki Nairobi akaacha ploti Ruai, shamba Murang'a, hisa za kampuni na nyumba za kupangisha Kayole, familia hugundua haraka kwamba hakuna anayeruhusiwa kugusa hata kimoja kati ya hivyo mpaka mahakama itoe mamlaka. Hapo ndipo wakili wa mirathi anapotafutwa. Nusu ya kazi yake ni hiyo ya kuwapitisha wafiwa mahakamani. Nusu ya pili hufanywa mwenye mali akiwa hai: kuandika wasia, kuunda amana ya familia (mali kushikwa na wadhamini kwa faida ya wanafamilia), kuhakikisha majina yaliyoandikwa kwenye pensheni na sako, yaani chama cha akiba na mikopo, ndiyo anayoyataka. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sheria au wakili mchanga anayetaka kubobea hapo.

Mirathi husimama au huanguka kwa orodha mbili: ya warithi na ya mali. Fomu zinajifunzika kwa miezi michache. Kuipata orodha kamili kutoka kwa familia yenye majonzi, na mara nyingine yenye siri, ndio ustadi wenyewe. Mirathi ya Mbiyu Koinange, waziri aliyefariki mwaka 1981, ilikuwa ingali mahakamani zaidi ya miaka 30 baadaye, na mojawapo ya maswali yaliyoikwamisha lilikuwa ni wanawake gani wahesabiwe kuwa wajane wake.

Masomo na leseni

Njia ya kawaida huanzia KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari: wastani wa C+ na angalau B kwa Kiingereza au Kiswahili. Kumekuwa na kesi kadhaa kuhusu masharti haya, kwa hivyo soma tangazo la mwaka unaoomba nafasi, usitegemee simulizi za waliotangulia. Shahada ya sheria huchukua miaka minne. Ukiwa chuoni, zingatia sheria ya familia, ya ardhi, ya amana na ya kodi; wakili wa mirathi asiyejua kusoma hati miliki au hesabu za kodi hutegemea wengine maisha yake yote.

Kisha Kenya School of Law, Karen: miezi 18, yaani mwaka mmoja darasani na miezi sita ya unagenzi katika ofisi ya wakili aliyefanya kazi kwa miaka mitano au zaidi. Mitihani ni tisa na hutungwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Mmoja ni wa usimamizi wa mirathi. Karatasi ya mwisho hubeba alama 60, mradi 20 na mtihani wa mdomo 20. Kufaulu ni 50. Wanaoanguka somo la mirathi kwa kawaida wamekariri nambari za fomu bila kuelewa ni nani anastahili kuomba na kwa nini.

Ukishafaulu, unamwandikia Jaji Mkuu ombi la kuapishwa, jina lako linaingia katika orodha ya mawakili, kisha unachukua cheti cha kufanyia kazi, ambacho huhuishwa kila mwaka baada ya kutimiza alama tano za mafunzo endelevu ya LSK, chama cha mawakili nchini. Usikimbilie kufungua ofisi yako. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili kinataka ufanye kazi miaka miwili chini ya wakili mkongwe kwanza.

Unagenzi na miaka hiyo miwili vitakujenga kuliko darasa. Tafuta ofisi yenye mafaili mengi ya mirathi, hata kama iko ghorofa ya nne isiyo na lifti katikati ya jiji, badala ya ofisi kubwa ya Upper Hill ambako utapanga mikataba ya benki. Keti na karani wa ofisi. Yeye ndiye anayejua ombi lililorudishwa lilirudishwa kwa nini, jinsi ya kupakia nyaraka kwenye mfumo wa mahakama wa kielektroniki (mahakama za Nairobi ziliuanza Julai 2020), na saa gani ya kwenda Ardhi House, makao makuu ya wizara ya ardhi. Jifunze pia Ardhisasa, mfumo wa ardhi uliozinduliwa Aprili 2021 kuanzia Nairobi, kwa sababu utatafuta rekodi humo kila wiki.

Kikao cha kwanza na mteja

Tenga saa moja na nusu, na usiandike ombi lolote siku hiyo. Mwambie mteja aje na cheti cha kifo, kitambulisho cha marehemu, hati za ndoa kama zipo, hati miliki au nakala zake, kitabu cha gari, taarifa za benki na kadi ya sako. Atakuja na nusu yake. Si neno, nusu nyingine utaitafuta.

Anza na watu kabla ya mali, na uliza kwa upole lakini bila kuzunguka. "Mama, pole sana kwa msiba. Naomba unitajie watoto wote wa mzee, wakubwa kwa wadogo, walioolewa na wasioolewa, waliotangulia mbele ya haki pia." Kisha: "Kuna mtoto mwingine yeyote, mahali popote, ambaye mzee alimlipia karo au alimkubali kuwa wake?" Kisha: "Kabla yako, au baada yako, kuna mama mwingine aliyeishi na mzee?" Swali hilo la mwisho linauma. Liulize mkiwa wawili tu, si mbele ya watoto, na ueleze sababu: kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinaruhusu hati ya usimamizi wa mirathi iliyopatikana kwa kuficha jambo muhimu ifutwe wakati wowote, hata ikiwa imeshathibitishwa na ardhi imeshagawanywa. Mjane akielewa kwamba anayemficha leo atatokea kesho na kubomoa kila kitu, kwa kawaida husema.

Mabinti walioolewa ndio wanaoachwa nje mara nyingi zaidi. Familia husema "hao wako kwao". Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, wala aliyeolewa na asiyeolewa, na Mahakama ya Rufaa ililisisitiza hilo mwaka 2005 katika kesi ya Rono dhidi ya Rono. Binti asiyetaka sehemu yake anaweza kuiacha mwenyewe, kwa maandishi na kwa hiari. Kaka zake hawawezi kumwachia.

Ndipo mgeuke kwenye mali. Zitenganishe tangu mwanzo katika mafungu mawili: zinazopitia mahakamani na zisizopitia. Pensheni ya mpango uliosajiliwa haimo katika mirathi. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Kustaafu kinaipeleka kwa aliyeteuliwa, na kama hakuna, wadhamini wa mpango huamua. Nyumba iliyomilikiwa na mume na mke kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika humwendea aliyebaki; unapeleka cheti cha kifo kwa msajili wa ardhi, basi. Sako hulipa aliyetajwa na mwanachama. Lakini jina la "jamaa wa karibu" kwenye fomu ya benki halimpi mtu urithi wowote. Huyo ni wa kupigiwa simu tu. Utalieleza hili mara nyingi, na kuna watakaokasirika.

Kwa kila kipande cha ardhi fanya utafutaji rasmi kabla ya kukiweka kwenye orodha. Nairobi ina mitego yake. Ploti nyingi za mashariki mwa jiji hushikiliwa kwa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, bila hati miliki. Unachoorodhesha hapo ni hisa na nambari ya ploti, na barua ya kampuni inayothibitisha uanachama. Nyumba za karibu na katikati ya jiji mara nyingi ziko kwenye ukodishaji wa miaka 99, hivyo angalia imebaki miaka mingapi na kama kodi ya ardhi imelipwa. Na tafuta jina la marehemu kwenye mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA. Gawio la hisa za zamani na akaunti zilizolala huishia huko, na familia nyingi hazina habari.

Shamba la mashambani likitokea bado liko kwa jina la babu, simama. Huwezi kuligawa katika mirathi ya baba. Anza na mirathi ya babu, ipatikane sehemu ya baba, ndipo mirathi ya baba ifuate. Kama babu alifariki kabla ya tarehe 1 Julai 1981, Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika, mgawanyo hufuata sheria na mila zilizokuwapo siku aliyofariki, ingawa utaratibu wa mahakama ni wa sasa.

Kufungua faili

Kwanza amua mahakama. Thamani ya mali yote isipozidi shilingi milioni 20, hakimu mkuu anaweza kusikiliza. Mahakimu wa ngazi za chini wana vikomo vya milioni 15, 10, 7 na 5. Juu ya milioni 20 ni Mahakama Kuu, Kitengo cha Familia, Milimani. Usipunguze thamani ili ubaki kwa hakimu. Mpinzani akileta ripoti ya mthamini, mamlaka ya mahakama yanaporomoka na hati yako nayo.

Pasipo wasia, ombi ni fomu P&A 80 pamoja na hati ya kiapo P&A 5 inayotaja warithi wote na mali zote na madeni yote. Penye wasia ni P&A 78, na wasia halisi huwasilishwa. Fomu P&A 38 ni ya ridhaa ya wale wenye haki sawa au kubwa zaidi ya kuomba, na P&A 57 ni ya wanaomdhamini msimamizi. Ambatanisha cheti cha kifo na barua ya chifu. Sheria yenyewe haitaji barua ya chifu, lakini rejista huitaka, na mtu aliyeishi Umoja akazikwa Kisii huenda akahitaji ya chifu wa huko nyumbani, anayeifahamu familia. Isome barua hiyo mstari kwa mstari kabla ya kuipokea. Machifu huandika wanachoambiwa na aliyekwenda ofisini, na aliyekwenda ofisini mara nyingi ni mwana mmoja wa kiume.

Waombaji wasizidi wanne. Kama kuna mtoto chini ya miaka 18, wawe angalau wawili, kwa kuwa mali yake itashikiliwa kwa amana. Tunashauri mjane na mtoto mmoja, na palipo na nyumba mbili, yaani wake wawili na watoto wao, mmoja kutoka kila nyumba. Msimamizi wa upande mmoja pekee huzaa shaka hata akiwa mwaminifu.

Kosa linalorudisha mafaili mengi kuliko jingine lolote ni majina. Kitambulisho kinasema "Kamau Njoroge Peter", hati miliki "Peter Kamau", cheti cha kifo "P. K. Njoroge". Andika kiapo tangu mwanzo kueleza kwamba wote ni mtu mmoja, uambatanishe ushahidi, na utaje majina yote kwenye ombi. Tangazo likitoka katika Gazeti Rasmi la Serikali lilisome siku hiyo hiyo. Jina likikosewa humo, hurudiwa. Kuanzia tangazo, wenye pingamizi wana siku 30.

Kiapo cha mtu asiyesoma Kiingereza lazima asomewe kwa lugha anayoielewa, na kiapo chenyewe kiseme nani alimsomea na kwa lugha gani. Mawakili wengi huruka hatua hii kwa haraka. Kisha siku ya kuhojiwa mama mzee anaiambia mahakama, kwa ukweli kabisa, kwamba hakujua alichotia kidole.

Wakati wa kusubiri

Siku 30 zikipita bila pingamizi, hati ya usimamizi hutolewa. Hapo familia hushangilia na kutaka kuuza. Wazuie. Hati hii inampa msimamizi uwezo wa kukusanya mali, kulipa madeni na kuwakilisha mirathi. Kifungu cha 82 kinakataza kuuza ardhi kabla hati haijathibitishwa, na uthibitisho kwa kawaida huja baada ya miezi sita. Anayeingilia mali bila mamlaka, kwa mujibu wa kifungu cha 45, anatenda kosa lenye faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, na atatakiwa kuwajibika kwa alichochukua.

Nairobi, vita vya mirathi ni vya kodi ya nyumba. Jengo la vyumba 30 linaingiza pesa kila mwezi, na yule kijana aliyekuwa akimsaidia baba kukusanya huendelea kukusanya, safari hii kwa mfuko wake. Usisubiri miezi. Omba hati yenye mipaka ya kukusanya na kuhifadhi mali, itolewe upesi, kisha fungua akaunti ya mirathi yenye watia saini wawili kutoka pande tofauti. Wape wapangaji wote barua moja yenye nambari ya akaunti. Karo za watoto na gharama za hospitali zilipwe humo kwa maandishi, na kila mwezi warithi wote wapate karatasi moja ya mapato na matumizi. Tunaamini karatasi hiyo ya kila mwezi huzuia kesi nyingi kuliko hoja yoyote ya kisheria.

Uthibitisho na mgawanyo

Ombi la uthibitisho ni P&A 108, likiwa na kiapo cha mgawanyo na ridhaa ya warithi wote katika P&A 37. Jaji huwataka warithi wafike, ana kwa ana au kwa mtandao, na huwauliza mmoja mmoja kama wanakubali. Mmoja akikosa bila maelezo, tarehe inasogezwa. Walio ng'ambo waape mbele ya mthibitishaji wa umma au ubalozi wa Kenya mapema. Barua kutoka Marekani haifiki kwa wiki moja.

Hesabu ya mgawanyo pasipo wasia inahitaji uangalifu. Palipo na mjane mmoja na watoto, mjane huchukua vitu vya nyumbani moja kwa moja, na kilichobaki anakitumia maisha yake yote bila kukimiliki; watoto hukirithi sawasawa baadaye. Palipo na nyumba zaidi ya moja, kifungu cha 40 hugawa kwa vichwa: watoto wa kila nyumba, na kila mjane aliye hai akiongezwa kama kichwa kimoja. Nyumba ya kwanza ikiwa na mjane na watoto watano ni vichwa sita. Ya pili ikiwa na mjane na watoto wawili ni vitatu. Jumla tisa, hivyo ya kwanza hupata sita kwa tisa na ya pili tatu kwa tisa. Wengi huamini kila nyumba hupata nusu, na ugomvi huanzia kwenye imani hiyo. Chora hesabu hii kwenye karatasi mbele yao wote.

Andika jedwali la mgawanyo kana kwamba msajili wa ardhi ndiye msomaji wako wa pekee. Nambari ya hati miliki ikose tarakimu moja, atalirudisha, nawe utaomba marekebisho chini ya kifungu cha 74. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho. Na popote warithi wanapopata kiwanja kimoja, sema wazi kwamba kila mmoja ana hisa yake na taja sehemu. Ukiandika tu kwamba wanamiliki kwa pamoja, siku mmoja akifariki sehemu yake itakwenda kwa ndugu waliobaki badala ya watoto wake. Tumeona neno hilo moja likiwaacha yatima bila kitu.

Mtu wa nje akidai kwamba aliuziwa ardhi na marehemu, mahakama ya mirathi haiamui umiliki huo. Omba kipande hicho kitengwe, mgogoro uende Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mengine yagawanywe. Wanafamilia wakizozana wao kwa wao, pendekeza upatanishi wa mahakama, ulioanza Milimani mwaka 2016. Nenda huko na mapendekezo ya mgawanyo ya aina mbili au tatu yaliyokwisha pigiwa hesabu. Familia hukubaliana juu ya karatasi iliyo mezani kuliko juu ya maneno.

Uthibitisho ukishatoka kazi haijaisha, na hapa mafaili mengi hufa. Mirathi huhitaji PIN yake KRA, mamlaka ya mapato, na marejesho ya mwisho ya kodi ya marehemu. Kenya haitozi kodi ya mirathi, na kuhamisha mali kwa mrithi hakuleti kodi ya faida ya mtaji, lakini mrithi akija kumuuzia mtu mwingine, kodi hiyo ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Ardhi ya kilimo ikihamia nzima kwa mrithi haihitaji kibali cha bodi ya ardhi. Ikigawanywa vipande vyenye hati tofauti, inahitaji. Waambie mapema gharama za mpima na za vibali. Hesabu kamili ya usimamizi hupelekwa mahakamani ndani ya miezi sita baada ya uthibitisho.

Kwa hivyo mteja akiuliza itachukua muda gani, mwambie mwaka mmoja kama wote wanakubaliana na karatasi zipo. Wakili anayeahidi miezi mitatu anadanganya.

Wasia

Masharti ya kisheria ni machache. Mwenye wasia awe na miaka 18 na akili timamu, atie saini, na mashahidi wawili wamwone akitia saini au awakirie kwamba saini ni yake, kisha nao watie saini mbele yake. Shahidi au mwenzi wake akiachiwa kitu, zawadi hiyo ni batili mpaka wawepo mashahidi wengine wawili huru. Wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili hufaa tu kama msemaji amefariki ndani ya miezi mitatu, kwa hivyo usimwache mgonjwa autegemee. Ndoa mpya hufuta wasia wa zamani, isipokuwa uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo. Mkumbushe kila mteja anayeoa au kuolewa.

Ustadi uko katika yanayozidi hayo. Futa wasia wote wa awali kwa sentensi moja. Taja watekelezaji wawili na wa akiba mmoja, walezi wa watoto wadogo, kila mali kwa nambari yake, na fungu la "kila kitu kingine", kwani mtu hununua ploti baada ya kuandika wasia. Sema nini kitatokea mrithi akitangulia kufa. Kila ukurasa uwekewe saini fupi. Usibandue na kubandika tena pini za karatasi. Matundu ya ziada huzua swali la ukurasa uliobadilishwa.

Mteja akitaka kumnyima mtu, mweleze kifungu cha 26: mwenzi, watoto na wategemezi wengine wanaweza kuomba mahakama iwatengee sehemu hata palipo na wasia, mradi waombe kabla ya uthibitisho. Anayenyimwa bila sababu hushtaki. Andika sababu katika barua ya kando, kwa maneno yasiyotukana, na utaje alichokwisha kupewa akiwa hai, kama karo ya chuo au ploti.

Kwa mzee au mgonjwa, pata barua ya daktari ya siku hiyo hiyo. Zungumza naye peke yake, mtoto aliyemleta abaki nje ya mlango, na uhifadhi maandishi ya kikao. Wewe mwenyewe usiwe shahidi. Wasia ukipingwa utaitwa kutoa ushahidi, na huwezi kuwa shahidi na wakili katika kesi moja. Wasia halisi uwe na mahali panapojulikana na watekelezaji wote, kwa sababu nakala peke yake huanzisha kesi nyingine.

Amana za familia zilipewa nafasi rasmi na marekebisho ya mwaka 2021 ya sheria ya wadhamini. Zinafaa kwa mwenye biashara, au mwenye mtoto mlemavu anayehitaji matunzo ya maisha. Zina gharama za kila mwaka. Mwenye nyumba moja na akaunti ya sako, mwandikie wasia mzuri.

Waislamu, na mikoa yenye mila

Familia ya Kiislamu hurithi kwa sharia ya dini yao. Wote wakiwa Waislamu na wakikubali mamlaka yake, waende kwa kadhi. Mgawanyo una viwango vyake: mjane mwenye watoto thumuni, asiye na watoto robo, mwana sehemu mbili za binti. Wasia hauvuki theluthi wala haumpi mrithi. Usiandike wasia wa Mwislamu bila kushauriana na anayejua faraidh, yaani hesabu za mirathi ya Kiislamu.

Mteja akiwa na mifugo au ardhi ya kilimo Kajiado au Narok na hakuacha wasia, angalia vifungu vya 32 na 33, vinavyoacha mali hizo chini ya mila, kisha ulinganishe na Katiba ya 2010, ambayo haiungi mkono mila inayombagua mke au binti.

Ada na mipaka

Ada iandikwe kwa makubaliano siku ya kwanza, ikitenganisha kazi ya wakili na gharama za mahakama, gazeti, mpima na ardhi. Isiwe chini ya Amri ya Malipo ya Mawakili. Ugawe malipo katika hatua tatu: kufungua, kutolewa kwa hati, uthibitisho, kwa kuwa wafiwa wengi hawana fedha taslimu mwanzoni. Kamwe usikubali kulipwa sehemu ya ardhi ukishinda. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya aina hiyo, nawe unakuwa mrithi mwingine mwenye tamaa. Fedha za mirathi ziingie akaunti ya wateja, zisikae na za ofisi hata usiku mmoja.

Wajane wakianza kuzozana na watoto, chagua unayemwakilisha kwa maandishi na uwaambie wengine watafute mawakili wao. Mkikutana na ombi lililoandaliwa na wakala asiye wakili, wa zile meza za nje ya ofisi za serikali, mwambie mteja ukweli: kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinakataza asiye wakili kuandaa nyaraka za mirathi kwa malipo, na ni salama zaidi kuanza upya kuliko kuendeleza kiapo ambacho hujui kimeficha nini.

Weka faili la kila mirathi pamoja na maandishi ya kikao cha kwanza kwa miaka mingi baada ya hati kutoka. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi hakina kikomo cha muda, na siku mtoto asiyetajwa akija na cheti chake cha kuzaliwa, maandishi hayo yataonyesha uliuliza nini na ulijibiwa nini.